Alfa 0.93, na mama wa kitanda cha dirishani bado hajatoka

ZamuYaUsiku (Lubumbashi)

Jambo zenu, wakubwa na wadogo wa uuguzi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni muuguzi hapa Lubumbashi, wodi ya akina mama, na wakati huohuo ninamalizia lisansi (digrii). Memwari yangu, yaani tasnifu, ni juu ya kuridhika kwa wagonjwa na huduma ya wauguzi. Nilichukua hojaji ya Kifaransa yenye maswali 20, kila swali majibu matano, kuanzia 1 "sikuridhika kabisa" hadi 5 "nimeridhika sana". Nikaitafsiri mwenyewe kwa siku mbili, umeme ukikatika naendelea na tochi ya simu. Nikawapa wagonjwa 112. Wasiojua kusoma niliwasomea mimi, nikiwa na bluzi yangu nyeupe, koti la kazi, katikati ya kugawa dawa na kubadilisha serumu.

Nikaingiza yote katika SPSS, programu ya takwimu. Maswali mawili programu yenyewe iliyatupa: wote walijibu 5, hakuna tofauti hata moja, kwa hiyo hakuna cha kukokotoa. Yale 18 yaliyobaki yakatoa alfa ya Cronbach 0.93, ile namba inayoonesha jinsi maswali yanavyokwenda pamoja, 1 ikiwa ya juu kabisa. Direkta wangu, msimamizi wa memwari, aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Chombo ni halali na thabiti. Endelea." Nilifurahi, nisiwadanganye.

Sasa kilichonikosesha usingizi. Kitanda cha dirishani kuna mama aliyejifungua kwa upasuaji. Siku ninampa karatasi, alikuwa na siku tisa tangu daktari amruhusu kwenda nyumbani. Hajatoka kwa sababu fakture, bili ya hospitali, haijalipwa. Anajua yeye, anajua mlinzi wa getini, tunajua sote. Karatasi yake ni 5 kuanzia juu hadi chini, imenyooka kama mshono wa fundi. Jioni nilipopita kupima presha akanishika mkono:

"Mama munganga, ile karatasi balisha kuisoma? Niliandika bya muzuri tu. Itanisaidia nitoke?"

Ikiwa yeye alikuwa akiijibu fakture, wenzake 111 walikuwa wakijibu nini? Na hiyo 0.93 inanisifia kitu gani?

BwanaGarde

Una 0.93 na unalalamika? Mimi nilipata 0.61, juri ilinichoma kama mahindi. Tetea, chukua diplomi yako. Mama wa dirishani muandike kwenye "mipaka ya utafiti", mstari mmoja. Kila memwari ina mstari huo na hakuna anayeusoma.

PapaMeka (Lubumbashi)

Binti Zamu, jina langu humu linatoka sokoni, acha nianzie huko. Muuza unga wa mahindi anapima kwa meka, kopo la kupimia. Zipo meka ambazo kitako kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani. Ukipimiwa asubuhi, mchana na jioni, unapata kiasi kilekile. Meka hiyo ni thabiti kuliko ya mtu mwaminifu anayejaza kwa kukadiria, na bado unarudi nyumbani watoto hawashibi. Uthabiti ni jibu kutoyumba ukirudia kupima. Uhalali ni kupima kile ulichosema unapima. Direkta wako aliona cha kwanza akasaini vyote viwili.

Alfa yenyewe Lee Cronbach aliieleza mwaka 1951. Inauliza jambo moja tu: je, maswali haya yanapanda na kushuka pamoja? Yanapandishwa na nini, haijui. Chukua maswali 5 ambayo uwiano wa wastani kati yao, yaani jinsi majibu ya mawili mawili yanavyofuatana, ni 0.3. Alfa inatoka 0.68, na juri inakunja uso. Usiboreshe chochote, ongeza mengine ya aina ileile yafike 20, uwiano ubaki 0.3 uleule. Alfa inaruka hadi 0.90, juri inatabasamu. Umeongeza karatasi tu. Ndiyo maana ile 0.70 inayoimbwa kila mahali kama kizingiti haitoshi kumwambia mtu kitu, na ikipita 0.95 watu wa fani huanza kushuku kwamba unauliza swali moja kwa maneno tofauti.

Sasa tazama zako. Mama huyu anajibu 5 mstari mzima, jirani yake 4 karibu mstari mzima, wa tatu tena 5. Hawakuhitaji kusoma swali hata moja, lakini maswali yako yanatembea pamoja kama askari wa gwaride. Alfa inalipenda gwaride. Hesabu karatasi zenye jibu moja toka juu hadi chini, ziweke kando, kokotoa upya, utuambie.

Na ili msije mkasema mzee ana chuki na alfa: Cronbach mwenyewe, katika makala iliyotoka 2004, miaka mitatu baada ya kifo chake, alisema haioni tena fomula ile kuwa ndiyo inayofaa zaidi kwa data nyingi. Mwenye meka ameungama, wateja bado wanapanga foleni.

ZamuYaUsiku

Nimehesabu usiku huu. Karatasi 74 kati ya 112 zina jibu moja toka juu hadi chini. Zikitoka, alfa inakuwa 0.58.

Ninacheka na si kicheko.

MwanaKadutu (Bukavu)

Ya Zamu, pole. Kabla hujamlaumu mama wa dirishani, tuoneshe tafsiri yako. Huku Bukavu mimi niliumizwa na tafsiri kabla ya kuumizwa na mtu yeyote.

Hojaji yangu ilikuwa na maswali ya kugeuza, yale yanayoandikwa kwa kukanusha ili kumnasa anayetiki bila kusoma. Kwa Kifaransa yanapita. Mimi nikaandika: "Sikupewa maelezo ya kutosha kuhusu dawa zangu." Mama anajibu "ndiyo". Mwanafunzi niliyemtuma akaandika: ndiyo, hakupewa. Kwa maana kwetu ukimwuliza mtu "hukula?" naye hajala, anakujibu "ndiyo", maana yake ndiyo, sikula, umesema kweli. Mwanafunzi mwingine, mtoto wa walimu aliyekulia katika Kifaransa shuleni na nyumbani, alikuwa akitarajia "hapana" kwa asiyepewa, kwa hiyo "ndiyo" kama hiyo akaiandika: alipewa. Swali moja, wanafunzi wawili, namba mbili zinazopingana. Alfa ikatoka na alama ya kutoa mbele. Nilidhani kompyuta imeharibika.

La pili ni ngazi za majibu. Niliandika "mara chache, mara kwa mara, mara nyingi, kila mara". Nikamuuliza muuza samaki mmoja kati ya "mara kwa mara" na "mara nyingi" ipi ni zaidi. Alinitazama kama nimemwuliza kati ya baba na babaye mtoto nani mkubwa. Kwake ni kitu kimoja. Kwangu zilikuwa pointi 3 na pointi 4, nazifanyia wastani hadi desimali ya pili!

La tatu sitalisahau. Swali: "Je, wauguzi waliheshimu faragha yako?" Mama wa miaka hamsini hivi, anajibu ndiyo, sana, Mungu awabariki. Kitu kikaniambia nimwulize faragha ni nini. Akasema: "Si ni ile ya kumutia mutu moyo? Ya kumufariji?" Alisikia faraja. Alikuwa akiwashukuru kwa kumliwaza, mimi naandika kwamba walivuta pazia. Na pazia halikuwepo, niliiona ile wodi.

Sasa utasikia watu wanasema tafsiri ikirudishwa kwenye Kifaransa na mtu wa pili imetosha, ile njia aliyoieleza mtafiti Brislin mwaka 1970. Ni nzuri, ifanye. Lakini mwalimu wangu wa kurudisha aliiona "faragha" akaandika neno sahihi la Kifaransa bila kusita, kwa sababu amesoma Kiswahili cha vitabu kama mimi. Wasomi wawili wanapeana mpira, mgonjwa hajaugusa. Kaa na watu kumi wa aina ya wale utakaowauliza, soma swali, halafu uliza: "Umesikia ninauliza nini? Umefikaje kwenye jibu hilo?" Kumi tu. Mimi nilibadilisha maswali saba kati ya 24.

ZamuYaUsiku

Ya Kadutu, nimefungua hojaji yangu. Swali la 11: "Kiwango cha kuridhika kwako na faragha uliyopewa."

Wote 112, jibu ni 5. Ni moja ya yale mawili yaliyotupwa na programu.

MwanaKadutu

Waliridhika na faraja, dada. Mlifanya kazi nzuri 😂

KotiJeupe (Lubumbashi)

Msiwabebeshe wagonjwa peke yao. Sisi wenye bluzi ndio mabingwa. Kwenye kituo chetu ilipita hojaji ya kunawa mikono, imejengwa juu ya zile nyakati tano za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2009: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kamili, baada ya kukutana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Tulijaza "kila mara" kama watu wanaosaini orodha ya mshahara. Bomba lilikuwa halitoi maji tangu Jumanne. Tulikuwa na ndoo moja ya lita ishirini kwa wodi nzima, asubuhi imejaa, jioni nikaipita iko nusu. Piga hesabu wenyewe mikono mingapi inanawa kwa lita kumi.

Hakuna aliyeona anadanganya. Ulizwa unanawa, unajibu yule muuguzi uliyefundishwa kuwa. Na karatasi ilikusanywa na mkuu wa wodi, mkononi.

Ungeniuliza mimi, ningeacha karatasi nikapima ndoo.

Mpinzani243

Basi ushahidi umekamilika. Tupa hojaji zote. Mtu kujieleza mwenyewe si sayansi. Hesabu vidonge, pima ndoo, tazama kwa macho, mwisho.

KotiJeupe

Macho nayo yana shida yake, ndugu. Simama na daftari kwenye kona ya wodi uone tunavyonawa siku hiyo. Tunanawa hadi ngozi inachubuka.

MamaNdosho (Goma)

Mpinzani, maumivu utayapima kwa ndoo gani?

Mimi nimekaa na akina mama baada ya kujifungua miaka mingi. Huzuni ya mzazi haina kipimo cha damu. Kuna mdomo wake tu, na siku nyingine hata mdomo haupo. Tukitupa kujieleza tunabaki na muuguzi anayesema "huyu mama ni mvivu, hamnyonyeshi mtoto".

Hojaji ya Edinburgh ya 1987, ya huzuni ya baada ya kujifungua, ina maswali 10, kila moja linapewa 0 hadi 3, kwa hiyo jumla ni 0 hadi 30, na inauliza juu ya siku saba zilizopita. Iliundwa Uskoti. Je, inaweza kuvaa kitenge? Kinshasa watafiti hawakuanza kwa kutafsiri. Walianza kwa kuuliza watu wa huko, mama aliyejifungua anapatwa na shida gani, na watu wakawapa jina lao wenyewe, "maladi ya souci", ugonjwa wa mawazo, na dalili zake. Ndipo wakachukua hojaji za kigeni, wakaona zinashika wapi na zinaacha wapi, wakatazama kama zinawatenga kweli wale ambao wenyewe na jamaa zao walisema wana maladi hiyo na wale ambao hawana. Kazi hiyo ilichapishwa 2008. Na Zimbabwe kabla yao, katika miaka ya 1990, waliunda hojaji ya Kishona wakianzia na neno la watu wao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Si sisi tunasema "mawazo inanimaliza"? Neno lipo. Hatujaliuliza swali.

Kwa hiyo binti Zamu, swali langu kwako halihusu alfa. "Kuridhika" ni neno la nani? Akina mama wa wodi yako wakikaa wenyewe usiku, wanazungumza juu ya kuridhika? Huku kwetu wanazungumza hivi: nani anakuja ukiita, nani anapiga kelele, nani anaomba kitu kidogo kabla ya kukubadilishia shuka. Uliza hayo. Uliza kilichotokea, uache kuuliza alama. "Umeridhika na wepesi wa wauguzi?" ni kumwomba sifa. "Usiku ulipoita, alikuja mtu?" ni swali. Mtu anaona aibu kumpa muuguzi 2, lakini kusema "hakuja" ni kusimulia tu.

BwanaGarde

Mama Ndosho, utetezi ni mwezi ujao. Mnamfelisha dada.

MamaNdosho (Goma)

Anaweza kufeli na kweli yake. Wangapi wamefaulu na faraja?

PapaMeka (Lubumbashi)

Hatafeli, mwezi ni mrefu. Nitasema la kazi.

Hayo maswali mapya ya Mama Ndosho, usiyapeleke wodini kesho. Wape watu wanaoijua kazi, tuseme wanane, kila swali walipe 1 hadi 4 kwa jinsi linavyohusika na jambo lako. Hesabu waliotoa 3 au 4, gawa kwa wote. Mtafiti Lynn mwaka 1986 aliweka kizingiti ambacho bado kinatumika, 0.78 ukiwa na watu sita au zaidi. Kwa wanane, wakikubali sita ni 0.75, swali linarudi jikoni. Wakikubali saba linapita. Ukiwa na watano au chini yao, lazima wakubali wote. Na katika hao wanane, wawili wawe akina mama waliolazwa. Watakwambia "wagonjwa si wataalamu". Waulize nani alilala pale usiku.

Kupima mara mbili: wengi husema baada ya wiki mbili, ili mtu awe amesahau alichojibu lakini hali isiwe imebadilika. Kwako ni gumu, wagonjwa wanatoka. Kwa wale utakaowapata, usitumie uwiano wa Pearson peke yake. Kama mara ya pili kila mtu ameshuka pointi moja kamili, Pearson itakupa 1 na kukupigia makofi. Tumia kile kipimo kinachotazama kama namba zenyewe zinakubaliana.

Na bluzi uivue. Hili ningelisema la kwanza, uzee. Karatasi ya kukubali kushiriki imeandika "una uhuru wa kukataa", halafu anayeisoma ndiye ameshika sindano ya saa nne usiku. Uhuru gani? Tafuta mtu asiye wa hospitali, aulize mtu akiwa kwake. Na wale waliozuiliwa kwa fakture uwatenge katika hesabu, usiwachanganye na wengine halafu ukawafanyia wastani.

Mpinzani243

Nimerudi kusoma swali la ndoo ya maumivu. Sawa, Mama. Mmoja kwa sifuri.

ZamuYaUsiku

Wiki tatu zimepita, samahani kwa kimya.

Direkta alikasirika kwanza. Nikampa karatasi mbili tu, jedwali la alfa bila zile 74, na ile ya "faragha". Alisoma ya pili mara mbili, akauliza: "Na wewe mwenyewe ulipotafsiri, hukuona?" Sikuona. Amenisogezea utetezi hadi kikao kijacho. Kichwa cha memwari kimebadilika: sasa ninachunguza hojaji yenyewe.

Wataalamu wangu ni wanane, akina mama wawili ndani. Swali la faragha sasa linasema: "Walipokuchunguza, walikufunika au waliweka pazia watu wasikuone?" Mmoja wa wale mama alisema niongeze "na wageni wa kitanda cha jirani walitolewa?" Wauguzi sita hatukuwa tumeliwaza hilo, ingawa tunalifanya, au hatulifanyi, kila siku.

Ngazi za majibu nimezifuta. Ndiyo, hapana, sikumbuki. Maswali ya kukanusha hakuna.

Anayeuliza ni rafiki yangu wa sosholojia. Hana bluzi, anavaa kitenge, anaenda hadi nyumbani kwa mtu. Ameshafika kwa kumi na wanne. Wa tisa alikuwa mama wa dirishani. Ukoo ulichanga, akatoka. Yuko mtaani Katuba, anauza mikate mbele ya nyumba, mtoto mgongoni. Rafiki yangu anasema alijibu huku anahesabia wateja chenji, bila kumtazama.

"Usiku ulipoita, alikuja mtu?" Hapana. Akaeleza usiku wenyewe: Jumapili, mvua kubwa, kidonda kinawaka, aliita mara tatu, mwishowe mwenzake wa kitanda cha pili ndiye aliyempa maji.

Rafiki yangu hajui ratiba yetu ya zamu. Mimi ninaijua. Jumapili ile ya mvua nilikuwa mimi, peke yangu kwa vitanda thelathini na mbili, na wakati ule nilikuwa chumba cha kuzalishia. Karatasi ile niiweke kwenye data au niitoe, kwa kuwa nimeshamjua mwenyewe?

PapaMeka (Lubumbashi)

Iweke. Na kuanzia wa kumi na tano, rafiki yako akuletee namba tu. Masimulizi abaki nayo hadi umalize kukokotoa.

ZamuYaUsiku

Sawa, Papa. Nimemwandikia sasa hivi.